Kupotea na kupotezwa: kuhusu albamu moja ya Shuggie Otis

Katika albamu ya Shuggie Otis iitwayo Inspiration Information, iliyotoka mwaka 1974, kuna wimbo wenye jina la "Aht Uh Mi Hed". Ukiyatafuta maneno hayo katika kamusi ya Kiingereza hutayapata. Lakini ukiyasoma kwa sauti, polepole, unasikia maneno ya kawaida kabisa ya Kiingereza ambayo sisi tungesema "nimerukwa na akili". Mwimbaji ameandika kama anavyotamka, si kama alivyofundishwa shuleni. Sisi wa isimu tunajua thamani ya jambo hilo. Kila muhula tunapewa kazi ya kunakili mazungumzo ya sokoni, na kila muhula kuna mwenzetu anayewasahihisha watu badala ya kuwanakili: mama muuza muhogo amesema "batu", yeye anaandika "watu". Kijana huyu wa Los Angeles, mwenye miaka 20, hakujisahihisha. Hilo peke yake lilinifanya nimpende kabla sijajua yeye ni nani.

Kwa kweli sikuweza kujua. Hapa Lubumbashi muziki wa zamani wa Marekani hautufikii kwa njia ya duka la diski. Unatufikia kwa kadi ya simu: unampa kijana kadi yako, anakujazia nyimbo mia mbili, na nyingi hazina hata jina la mwimbaji. Nilikuwa na nyimbo nne za albamu hii, zimechanganywa na rumba na nyimbo za kanisa, nikadhani ni kazi ya mtu wa rika langu. Sababu ilikuwa ngoma. Katika baadhi ya nyimbo hizo hakuna mtu anayepiga ngoma. Kuna mashine ndogo ya midundo, ya aina iliyotengenezwa ili wapiga kinanda waweze kutumbuiza peke yao bila bendi. Sly Stone alikwisha kuitumia katika albamu yake ya mwaka 1971, lakini Shuggie anaitumia kwa namna nyingine. Mashine inatikatika kwa chini kama saa ya ukutani, na juu yake gitaa, kinanda na vinanda vya nyuzi vinakuja na kuondoka bila haraka. Ni sauti ya mtu aliye peke yake chumbani. Na ndivyo ilivyokuwa: alipiga karibu ala zote mwenyewe, isipokuwa tarumbeta na jamaa zake na baadhi ya nyuzi.

Historia yake nitaipitia kwa ufupi kwa sababu inapatikana kwa urahisi. Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1953. Baba yake alikuwa Johnny Otis, kiongozi wa bendi, mtoto wa wahamiaji kutoka Ugiriki aliyeishi maisha yake yote kati ya Wamarekani weusi na kuupiga muziki wao. Mtoto alianza kupanda jukwaani na bendi ya baba kabla umri haujamruhusu kuingia vilabuni, kwa hiyo walimvalisha miwani myeusi na kumwekea masharubu ya uongo. Akiwa na miaka 15 alirekodi albamu pamoja na Al Kooper. Mwaka 1969 alipiga besi katika wimbo mmoja wa albamu Hot Rats ya Frank Zappa. Kisha zikafuata albamu zake mwenyewe katika kampuni ya Epic: moja mwaka 1970, nyingine Freedom Flight mwaka 1971, na ya tatu ndiyo hii ya 1974. Baada ya hapo kampuni iliachana naye, na hakuna diski nyingine mpya yenye jina lake iliyotoka kwa miaka mingi sana.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya niandike. Albamu hii ilitolewa upya mwaka 2001 na kampuni ya Luaka Bop, iliyoanzishwa na David Byrne, na tena mwaka 2013 katika toleo kubwa zaidi. Tangu hapo, karibu kila anayeizungumzia anasema mambo mawili: kwamba ilipotea, na kwamba ilisahaulika.

Tuyaangalie maneno haya kama tunavyoyaangalia darasani. Kupotea hakuna mtendaji. Ufunguo umepotea, mbuzi amepotea, njia imepotea: kitu chenyewe ndicho kiima, na hakuna anayeulizwa lolote. Ukitaka mtu aingie ndani ya sentensi lazima uibadilishe kauli: fulani ameupoteza ufunguo, ufunguo umepotezwa na fulani. Kusahaulika ni kwa hila zaidi. Kauli hii ya kutendeka inaonyesha hali, lakini pia inaonyesha uwezekano. Kioo kinachovunjika ni kioo kilichovunjika, na pia ni kioo ambacho ni tabia yake kuvunjika. Tukisema albamu ilisahaulika tunakuwa tumedokeza, bila kukusudia, kwamba ilikuwa ya kusahaulika, kwamba kusahauliwa kulikuwa ndani yake kama ubichi ulivyo ndani ya jani. Tukisema ilisahauliwa, msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani?

Nimejaribu kuuliza. Jibu la kwanza linaloonekana ni kampuni, na kwa sehemu ni jibu la haki. Lakini pia kulikuwa na shida ya mahali pa kumweka. Alikuwa mpiga gitaa mweusi aliyeijua blues kama mzee. Hapa alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, karibu kunong'ona, na nusu ya pili ya albamu yake inakaribia kuacha kuimba kabisa. "Rainy Day", "XL-30", "Pling!" na ule wa mwisho hazina maneno. Redio ya muziki wa soul ya wakati ule ilitaka sauti inayojaza kanisa. Redio ya roki haikuwa ikimngojea. Na mtendaji wa tatu ni yeye mwenyewe, siwezi kumtoa. Alichukua kama miaka mitatu kukamilisha nyimbo 9, mojawapo, "Happy House", ikiwa ya zaidi kidogo ya dakika moja. Alialikwa kujiunga na Rolling Stones katika ziara yao, akakataa, kwa sababu alitaka kupiga muziki wake. Wengine husimulia kukataa huko kama kichekesho, kijana aliyeitupa bahati. Sioni kichekesho. Mtu aliyekuwa anaweza kupiga kila ala ya diski yake, aende akasimame nyuma ya mgongo wa mtu mwingine kwa nini?

Halafu kuna mwaka 1977, unaoharibu kabisa hadithi ya kusahaulika. Katika Freedom Flight kulikuwa na wimbo uitwao "Strawberry Letter 23", kuhusu barua za mapenzi. (Jambo dogo ninalolipenda: maneno ya wimbo yanataja barua ya 22. Ya 23 ni wimbo wenyewe, yaani jibu.) Ndugu wawili, Brothers Johnson, waliuimba upya, Quincy Jones akiwa mtayarishaji, nao ukafika nafasi ya 5 katika orodha kuu ya Marekani na nafasi ya 1 katika orodha ya muziki wa soul. Baadaye OutKast waliutumia ndani ya "Ms. Jackson" mwaka 2000. Watu wanaoweza kuimba sehemu ya wimbo huo wapo Lubumbashi, wapo Nairobi, wapo kila mahali. Kwa hiyo nani amesahau nini? Wimbo ulibaki mdomoni mwa watu, jina la mtunzi likabaki katika herufi ndogo kwenye lebo ya diski ya wengine. Hapo naona heri kutumia kitenzi chetu kingine: kufukia. Kufukia ni kazi. Kunahitaji mtu na jembe. Na kinyume chake tunakipata kwa kubadili mwisho wa kitenzi tu: kufukua.

Matoleo mawili mapya yamefukua kila moja kwa namna yake, na sidhani yanastahili sifa sawa. Lile la 2001 liliongeza nyimbo 4 kutoka Freedom Flight mwishoni mwa zile 9. Ninaelewa sababu: walitaka msikilizaji mgeni akutane na "Strawberry Letter 23" haraka, aseme "aha, kumbe ni huyu". Lakini albamu ya 1974 inaishia na wimbo usio na maneno ambao jina lake ni "Not Available", yaani haupatikani, haipo, tafuta kwingine. Ni mwisho wa ajabu kwa diski ambayo baadaye haikupatikana kweli kwa miaka 27, na mtu angeweza kudhani jina hilo lilitungwa na mhakiki. Katika toleo la 2001 mwisho huo unafuatwa mara moja na ule wimbo mtamu wa barua, kama mtu aliyekwisha kuaga kisha akarudi na keki. Vijana wengi walioijua albamu kupitia toleo hilo wanaamini kabisa kwamba "Strawberry Letter 23" ni sehemu yake. Kwa mtu anayesoma matini za kale hilo ni jambo linalojulikana: mnakili anaongeza beti nzuri za mshairi yuleyule pembeni mwa karatasi, na mnakili anayefuata anaziingiza ndani ya utenzi.

Toleo la 2013 ni jingine. Kwanza, lilitolewa na Epic pamoja na Legacy, yaani jina la kampuni iliyoachana naye likarudi kwenye jalada. Sina la kuongeza juu ya hilo. Pili, pamoja na albamu na nyimbo chache ambazo hazikuwa zimetolewa, kuna diski nzima ya pili, Wings of Love, ambayo sehemu yake kubwa ni nyimbo alizorekodi kati ya 1975 na 1990. Soma tena miaka hiyo. Ndiyo miaka ambayo, katika hadithi inayosimuliwa, yeye "alitoweka". Hakutoweka. Alikuwa akirekodi. Kampuni hazikutaka.

Je, diski hiyo ni nzuri? Si yote. Kuna nyimbo ambamo vinanda vya umeme vya miaka ya 80 vinang'aa kupita kiasi, na sauti yake, iliyokuwa nzuri kwa sababu ya kunong'ona, inajaribu kufanana na sauti za redio za wakati huo. Nilipozisikiliza mara ya kwanza nilisikitika kidogo. Baadaye nilizipenda kwa sababu nyingine. Zinaonyesha mtu anayeendelea na kazi bila kujua kama kuna msikilizaji, anajaribu mtindo, anauacha, anajaribu mwingine. Wimbo uliotoa jina la diski ni mrefu na unatanga-tanga, mhariri mkali angeukata katikati, nami nafurahi kwamba hakukuwa na mhariri. Hiyo diski ya pili ndiyo inayokanusha kitenzi "kupotea". Diski ya kwanza inatuambia tu kwamba albamu ni nzuri, jambo ambalo masikio yangu yalikwisha kuniambia kwenye simu.

Mwaka 1974 una maana nyingine kwetu. Mwezi mmoja hivi kabla ya albamu hii kutoka, kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba, James Brown, B.B. King, Bill Withers na Spinners walikuwa Kinshasa, katika uwanja wa Tarehe 20 Mei, kwa tamasha lililoandaliwa pamoja na pigano la Ali na Foreman. Wazee wetu wanalikumbuka. Sauti za Wamarekani hao na picha zao zilikuja kuonekana katika filamu Soul Power ya mwaka 2008. Rekodi za Waafrika waliopiga jukwaa lilelile, wakiwemo Franco na TP OK Jazz, Tabu Ley na Abeti, zilitolewa kama albamu mwaka 2017. Miaka 43. Na hawa hawakuwa watu wasiojulikana. Franco alijulikana kuliko mawaziri. Ndiyo maana siamini kwamba vitu hupotea kwa sababu havikuwa na nguvu ya kutosha.

Lazima niseme kwa nini jambo hili linanigusa zaidi ya sarufi. Memwari yangu ya kumaliza masomo inahusu Kiswahili cha Lubumbashi katika nyimbo za miaka ya 80, na sehemu ya data imetoka nyumbani. Baba yangu mdogo, anayetengeneza redio katika komini ya Kenya (mtaa wetu, si nchi), alikuwa mpiga gitaa wa solo katika orkestra moja. Walirekodi nyimbo kadhaa katika kituo kimoja cha redio ambacho sitakitaja. Tangu utotoni nimesikia nyumbani sentensi ileile kuhusu nyimbo hizo: "Ilipoteaka." Wasomaji wa jarida hili wanakijua hicho kiambishi -ak- cha kwetu, jinsi kinavyoisukuma habari mbali, kule ambako hakuna mtu atakayekwenda kukagua.

Nikiwa na hii mambo ya Shuggie Otis kichwani, nilimuuliza: "Papa, nani aliipoteza?"

Aliendelea kuchomea waya wake, kisha akajibu: "Haikupoteaka, mwana. Balifutaka. Bande ilikuwa ya beyi, njo balirekodi diskuru juu yake."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayekueleza kwa nini redio haiwaki. Kanda zilikuwa ghali, wakahitaji nafasi ya hotuba, wakafuta. Miaka yote hiyo alikuwa na kitenzi chenye mtendaji, ila hakuna aliyemuuliza. Na angalia mtendaji mwenyewe: ba-. Wao. Katika Kiswahili chetu hicho ba- kinafanya mara nyingi kazi ambayo Kiswahili sanifu kinaipa kauli ya kutendwa. "Balifutaka" inaweza kuwa tu "ilifutwa". Kuna mtu, lakini hana uso. Nilimwuliza ba- hao ni akina nani. Akacheka, akaniambia nimpe bisibisi.

Zimebaki kaseti 3 alizorekodi mwenyewe nyumbani kwa mpiga besi. Katika ya kwanza kuna nyimbo mbili kamili. Zilizobaki ni mazoezi: wanaanza, wanakosea, wanagombana, mtoto analia, mtu anatuma bia. Yeye anataka niweke nyimbo mbili tu katika kiambatisho cha memwari. "Ile ingine haikuisha," anasema, na hataki watu wamsikie kwa kitu kisichokwisha. Mwalimu anayenisimamia anataka kinyume: nyimbo zimekwisha kusafishwa, lugha yake imevaa suti, lakini katika mazoezi kuna dakika nyingi za mazungumzo ya kweli, Kiswahili, Kifaransa na Lingala vikipokezana ndani ya sentensi moja, kabla hatujazaliwa. Kama mwanaisimu nakubaliana na mwalimu. Kama mtoto wa nyumba ile sina ruhusa ya kukubaliana naye haraka hivyo.

Hapo Wings of Love ilinisaidia, lakini si kwa namna niliyotarajia. Nilitaka kuitumia kama ushahidi: tazama Papa, mtu huyu ametoa hata visivyokamilika, na watu wamempenda. Nikamsikilizisha jioni moja, simu ikiwa ndani ya bakuli ili sauti ikue. "Aht Uh Mi Hed" aliipenda sana, akataka irudiwe, akatafuta kwa vidole hewani mahali besi inapopita. Nyimbo za diski ya pili alizisikiliza kwa heshima. Kisha akauliza swali moja: "Yeye mwenyewe alikubali?" Nikamwambia alikuwa hai, alikuwa amerudi jukwaani, na jina lake lilikuwa juu ya jalada. Akasema: "Basi ni sawa. Anajua." Hakusema kama na yeye anakubali.

Mwezi uliopita tulifikia mapatano ambayo mwalimu ameyapokea kwa kuinua nyusi. Nyimbo mbili zitaingia nzima. Mazoezi yataingia kwa maandishi tu, bila sauti, na kila ukurasa atausikia nikiusoma kabla haujaingia. Kipande kimoja hakitaingia kabisa, kwa sababu mpiga ngoma anayetukanwa humo amefariki na watoto wake wanaishi karibu. Katika utangulizi, mahali nilipoandika kwamba rekodi za orkestra "zilipotea", nimeandika "zilifutwa".

Tunasoma Jumapili baada ya misa, umeme ukiwepo. Tumefika kaseti ya pili, upande wa B, dakika ya 11. Hapo wanabishana kama kiitikio kiseme "tulirudia" au "tulirudiaka". Mpiga besi anasema ya pili haiingii katika mdundo. Baba mdogo, kijana wa wakati ule, anamwambia apunguze mwendo basi.